Shajara ya Mradi: Shimesikio na Fimbo ya Gofu, Karakana ya Ngamiani, Tanga

20 Januari

Shajara hii inaweka kumbukumbu za kazi mbili zinazokwenda sambamba katika karakana yangu hapa Ngamiani. Ya kwanza ni kutengeneza shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kwa vipuri vinavyopatikana madukani mjini. Ya pili ni kuunda fimbo ya gofu ya kusukumia mpira shimoni. Mwenye kazi zote mbili ni mzee mmoja aliyestaafu ufundi mitambo katika mashamba ya mkonge, na ameridhia habari zake ziandikwe kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Ujanani alibeba mifuko ya wachezaji wa gofu, baadaye akajifunza kucheza mwenyewe, na kati ya hayo mawili akatumikia miaka mingi kando ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge ambayo watu wanaosimama karibu nayo huzungumza kwa mikono.

Alichokijia kwangu ni fimbo peke yake. Alisema fimbo yake ya zamani imekufa, kwa kuwa haitoi tena ule mlio unaomjulisha kama mpira umeguswa katikati au pembeni. Niligonga mpira kwa fimbo hiyo mbele yake nikasikia mlio mwembamba, safi kabisa, naye akaniangalia akisubiri nianze. Tangu hapo ikawa wazi kwamba kazi ni mbili. Nilimsihi aonwe kwanza na mtaalamu wa masikio, kwa sababu nta iliyoziba, usaha au ngoma iliyotoboka ni mambo ya tiba, na fundi wa umeme hana ruhusa ya kuyafunika kwa kuongeza sauti.

29 Januari

Karatasi ya kipimo imeletwa. Ngoma za masikio ni nzima na njia ni safi. Kwa sikio la kulia, sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia (desibeli hupima ukubwa wa sauti, Hezi hupima wembamba wake) ni desibeli 20 kwenye Hezi 500, desibeli 25 kwenye Hezi 1,000, desibeli 40 kwenye Hezi 2,000 na desibeli 65 kwenye Hezi 4,000, kisha mchoro unapata nafuu kidogo hadi desibeli 50 kwenye Hezi 8,000. Sikio la kushoto lina mchoro wa namna hiyohiyo.

Bonde linaloangukia kwenye Hezi 4,000 ndiyo alama inayojulikana ya sikio lililoumizwa na kelele. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa kama sentimita 2.5, umefungwa na ngoma upande mmoja, na kwa umbo hilo huvuma wenyewe kwenye masafa ya karibu Hezi 3,000, hivyo kelele ya mchanganyiko kama ile ya korona hufika ndani ikiwa imeongezewa nguvu hapo, na madhara huonekana juu kidogo ya hapo. Seli zenye vinyweleo zilizomo ndani ya koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, zikishakufa hazioti tena.

Nilimuuliza kama anaweza kukumbuka kelele nyingine, akataja fimbo ndefu ya titani aliyopewa na mgeni, ambayo anadai ilipiga "kama risasi". Hili si la kulipuuza. Mwishoni mwa mwaka 2008 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha taarifa ya madaktari wa Norwich kuhusu mwanamume wa miaka 55 aliyekuwa akicheza gofu mara 3 kwa wiki kwa muda wa miezi 18 akitumia fimbo ya titani yenye uso mwembamba, naye akalalamikia mvumo na upungufu wa usikivu katika sikio la kulia. Walipozipima fimbo za aina hiyo waliona kwamba zina kelele kubwa kuliko fimbo za chuma zenye uso mnene. Sababu yake inaeleweka: uso mwembamba hubonyea na kurudi kama springi, mpira hurudishiwa nguvu zaidi na kwenda mbali zaidi, na ngozi hiyohiyo ya chuma hutetemeka kama ngoma. Wasimamizi wa mchezo, USGA na R&A, wameweka ukomo wa urushaji huo, ila waliuweka kwa ajili ya umbali wa mpira, siyo kwa ajili ya masikio. Kwa Mzee, korona inabaki kuwa mtuhumiwa mkuu, na sina njia ya kugawanya lawama wala haja ya kufanya hivyo. Nimemwomba tu fimbo ile ya titani aitumie akiwa na vizibo masikioni, au aiache kabisa.

2 Februari

Swali la leo ni kiasi gani cha kukuza. Mwaka 1944 mhandisi wa Marekani, Samuel Lybarger, alipendekeza kanuni ambayo mpaka leo ndiyo mwanzo mzuri kwa fundi asiye na mitambo mikubwa: ukuzaji uwe karibu nusu ya upungufu. Kwa karatasi hii, hiyo ni kama desibeli 32 kwenye Hezi 4,000, desibeli 20 kwenye Hezi 2,000, desibeli 12 kwenye Hezi 1,000, na kwenye Hezi 500 kushuka chini tusiguse chochote.

Naandika hili kwa msisitizo kwa sababu kila anayepita karakana akisikia ninachofanya hutoa ushauri mmoja: ongeza sauti. Watu wamezoea spika za harusi, na wanadhani asiyesikia ni mtu aliyekaa mbali na spika. Mzee hayuko mbali. Anasikia mlango ukifungwa, anasikia bodaboda, anasikia kwamba mkewe anazungumza. Asichokipata ni ncha za maneno. Sikio lililoumia lina tabia nyingine ya kuudhi, nayo ni kwamba nafasi kati ya sauti anayoanza kuisikia na sauti inayomuumiza imekuwa finyu. Ndiyo maana watu wa nyumbani kwake wanalalamika kwamba wakisema polepole anauliza "nini?", na wakipaza anajibu "mbona mnanifokea?" Ukuzaji usiochagua masafa utamfokea zaidi na maneno yatabaki palepale.

8 Februari

Umbo limeamuliwa: kasha dogo la kuvaliwa kifuani, na waya mmoja kwenda kwenye kipande cha sikioni. Najua kwamba vifaa vya kisasa hukaa nyuma ya sikio au ndani yake, na kwamba mtu akivaa kasha kifuani anaonekana kama anatoka katika zama za kabla ya transista, kipuri kidogo cha kukuza umeme, kuingia kwenye shimesikio, jambo lililotokea mwishoni mwa 1952 na mwaka uliofuata. Hata hivyo nina sababu mbili nzito.

Ya kwanza ni betri. Vifaa vya sikioni vingi hutumia betri za zinki na hewa, zile za kidonge zenye volti 1.4 ambazo huanza kazi unapobandua kibandiko na kuruhusu hewa iingie. Kwa kuwa ziko wazi kwa hewa, ziko wazi pia kwa unyevu wake, na hewa ya Tanga wakati wa masika haihitaji maelezo. Zaidi ya hapo, Mzee akiishiwa siku ya Jumapili hana pa kuzipata. Betri ya simu ya kitochi, yenye volti 3.7 na akiba ya karibu miliampea-saa 1,000, ipo kwenye kila kibanda. Sakiti yangu inakula kama miliampea 12, kwa hiyo betri moja iliyojaa inatosha zaidi ya saa 80 za kazi.

Sababu ya pili ni mluzi. Shimesikio hupiga mluzi pale sauti inayovuja kutoka sikioni inaporudi kwenye maikrofoni, ikakuzwa, ikavuja tena, ikaendelea kuzunguka. Ili mzunguko huo usiwake, sauti lazima ipotee njiani kwa kiasi kinachozidi ukuzaji. Maikrofoni ikiwa milimita chache kutoka kwenye mdomo wa sikio, hesabu hiyo ni ngumu na vifaa vya kisasa huitatua kwa kompyuta ndogo iliyomo ndani. Maikrofoni ikiwa kwenye ukosi wa shati, umbali wenyewe unafanya kazi hiyo bila gharama. Ninachopoteza ni utulivu, kwa kuwa kitambaa kikisugua kasha, mkwaruzo unaingia moja kwa moja. Nimeitoa maikrofoni nje ya kasha na kuifunga kwenye kibanio cha nguo, na kuivisha kipande cha sponji ya godoro kwa ajili ya upepo.

Maikrofoni yenyewe ni ya elektreti, kidonge kidogo kama kile cha simu za zamani. Gerhard Sessler na James West waliibuni mwaka 1962 katika Maabara za Bell huko Marekani, na kama isingekuwa wao mradi wa namna hii usingewezekana kwa fedha za mtu wa kawaida. Pia nimepata moyo kutokana na kazi ya watu wa Georgia Tech, ambao mwaka 2020 walitangaza shimesikio waliloliita LoCHAid, la kuvaliwa kifuani vilevile, ambalo vipuri vyake, vikinunuliwa kwa wingi, havifiki dola 1. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 wana upungufu wa usikivu unaohitaji huduma, na kwamba walio wengi wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kifaa kizuri kisichonunulika hakimsaidii hata mmoja wao.

15 Februari

Siku nzima imekwenda kwenye kapasita, vipuri vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Kichujio ninachotumia ni cha hatua mbili, kila hatua ikiwa na kapasita moja na rezista moja (kipuri kinachozuia mkondo), na kazi yake ni kuzuia sauti nene na kuachia sauti nyembamba. Kwa rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 10, mkato, yaani mpaka kati ya sauti zinazozuiwa na zinazoachiwa, unaangukia karibu Hezi 1,590. Nilipopima, tofauti kati ya Hezi 4,000 na Hezi 2,000 ilikuwa desibeli 3 tu, wakati karatasi ya Mzee inadai 12. Hezi 1,000 nazo zilikuwa zinapita kwa wingi kuliko inavyofaa. Kwa kapasita za nanofaradi 4.7 mkato umepanda hadi karibu Hezi 3,390, na ngazi imekuwa nzuri: nikiweka desibeli 32 kwenye Hezi 4,000, napata kama 25 kwenye 2,000, kama 15 kwenye 1,000, na takriban 3 kwenye 500. Haifuati mchoro kwa unyoofu wa rula, lakini kosa lake liko upande ninaouvumilia.

Vipimo hivi vinafanyika kwenye chemba ya sentimita 2 za ujazo, ambacho ndicho kipimo kinachotumiwa na watengenezaji kuiga nafasi inayobaki sikioni. Yangu ni bomba la sindano lililokatwa na kuzibwa, na maikrofoni ya kupimia imekaa kwenye kitako chake. Fundi mwenzangu amecheka alipoiona. Namba zake zinarudi zilezile kila ninapozirudia, na hilo ndilo ninalolihitaji.

19 Februari

Kikomo cha sauti kimewekwa. Marekani, iliporuhusu shimesikio kuuzwa bila cheti cha mtaalamu kuanzia Oktoba 2022, iliweka kwamba sauti kubwa kabisa isizidi desibeli 111, na 117 kwa vifaa vinavyojibana vyenyewe sauti inapokuwa kubwa. Mimi nimejiwekea ya kwanza. Diodi mbili, vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zilizopangwa kwa kupingana zinakata kilele cha wimbi. Sauti inakwaruza kidogo inapofikia hapo, na ni afadhali ikwaruze.

26 Februari

Leo nimeigeukia fimbo.

Kichwa cha fimbo ya zamani ni kipande kimoja cha chuma, na uzito wake umetandazwa sawasawa. Mpira ukiguswa katikati, unakwenda sawa. Ukiguswa sentimita moja kuelekea nchani, yaani mwisho wa kichwa ulio mbali na mpini, kichwa kinazunguka kidogo mkononi, uso unageuka, na mpira unapoteza njia na mwendo kwa pamoja. Aliyelitatua jambo hili kwa namna iliyobadilisha mchezo ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Bergen, Norwei, aliyekuwa mhandisi wa General Electric huko Marekani. Mwaka 1959, akifanya kazi katika gereji ya nyumba yake mjini Redwood City, California, alitengeneza fimbo ya kusukumia ambayo uzito wake ulitolewa katikati na kupelekwa kisiginoni, yaani mwisho ulio upande wa mpini, na nchani. Fimbo hiyo, iliyoitwa 1-A, ilikuwa na mianya iliyoifanya ilie kila ilipogonga mpira, na kutokana na mlio huo akaipa biashara yake jina la PING. Miaka 7 baadaye akatoa Anser, ambayo umbo lake limeigwa na karibu kila mtengenezaji hadi leo. Ninachokipenda kwa mtu huyu ni kwamba hakuongeza uzito wa fimbo, aliuhamisha tu.

Hesabu yake ni rahisi na nimeiandika ukutani. Momenti ya inesha, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kuzungushwa, hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa mraba wa umbali wake kutoka katikati. Kichwa cha gramu 345 kilichotandazwa sawasawa kwenye urefu wa sentimita 11 kina kama 3,480 kwa kipimo cha gramu na sentimita za mraba. Nikichukua gramu 220 kati ya hizo, nikazigawa katika vipande viwili vya gramu 110, na kila kimoja nikakiweka sentimita 4.5 kutoka katikati, vipande hivyo viwili peke yake vinatoa 4,455, kabla hata sijahesabu mwili unaovishika. Uzito ni uleule mkononi mwa Mzee, ila kichwa kinakataa kuzunguka.

Nimeweka mipaka ya sheria pembeni ya mchoro: mpini uegemee angalau digrii 10 kutoka wima fimbo inapowekwa chini kawaida, uso usilale zaidi ya digrii 10, urefu wa kichwa kutoka kisigino hadi ncha uwe mkubwa kuliko upana wake kutoka usoni hadi mgongoni, na umbo kwa jumla liwe la kawaida.

7 Machi

Mwili umesubiwa kwa alumini katika kalibu ya mchanga, kwa fundi anayetengeneza sufuria. Nilimwomba asitumie mabaki ya masufuria ya zamani ila pistoni za magari, kwa sababu alumini ya pistoni ina silikoni ndani yake, inatiririka vizuri kwenye pembe nyembamba na haiachi mapovu mengi. Vipande vya kisigino na ncha ni shaba ya njano iliyotokana na koki chakavu za maji. Shaba ina uzito wa zaidi ya mara 3 ya alumini kwa ujazo uleule, na ndiyo maana vipande vidogo vinatosha.

Uchomeleaji wa metali hizi mbili pamoja haufai, nimezifunga kwa skrubu kutoka nyuma. Chumvi ya bahari italeta kutu kwenye maungio, kwa kuwa alumini na shaba zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Nimeweka ngozi nyembamba ya varnishi kati yao.

16 Machi

Hapa ndipo kazi mbili zilipokutana, na naona hii ndiyo siku yenye faida kuliko zote hadi sasa.

Mzee alijaribu kichwa kipya juu ya zulia lililotandikwa sakafuni. Mpira unakwenda sawa hata anapougusa pembeni, na hilo alilikubali mara moja, lakini hakufurahi. "Fundi, inakwenda, ila haisemi." Kwake kupima umbali wa kusukuma ni kazi ya mkono na sikio kwa pamoja, amecheza hivyo tangu alipokuwa mbeba mifuko, akijifunza kwa kusikiliza mipira ya wengine. Nilipoupima mlio wa kichwa hiki kwa programu ya simu inayochora masafa, kilele chake kilikuwa juu ya Hezi 4,000, yaani ndani kabisa ya lile bonde lake. Shimesikio lingemrudishia sehemu ya mlio huo, lakini hataki kuvaa kasha akiwa uwanjani, na pale Raskazone upepo wa kusi ukianza, maikrofoni itakuwa ikikuza upepo.

Basi badala ya kuukuza mlio hadi sikio liusikie, nimeamua kuushusha mlio hadi mahali ambapo sikio lake bado ni zima. Kwenye Hezi 1,000 anasikia kwa desibeli 25, bado vizuri. Nimekata mwanya kwa msumeno upande wa chini wa kichwa, nyuma ya uso, ili ubaki ulimi wa alumini ulioshikwa upande mmoja na ulio huru upande mwingine. Anayepiga marimba ya vidole anajua tabia ya ulimi wa namna hii: ukiupunguza unene mlio unashuka kwa uwiano uleule, na ukiufupisha mlio unapanda kwa mraba, kiasi kwamba kuufupisha kutoka milimita 50 hadi 45 kunaupandisha kwa karibu robo. Kwa ulimi wa alumini wa milimita 50 wenye unene wa milimita 3, hesabu inatoa karibu Hezi 990.

Nilianza na unene uliozidi kidogo ili nipate nafasi ya kupiga tupa. Mlio wa kwanza ulikuwa juu ya Hezi 1,100. Nikaendelea kupunguza kwa tupa laini, napiga, natazama simu, napunguza tena, mpaka ukasimama chini kidogo ya Hezi 1,000. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi akinisubiri, na tupa ilipokuwa bado mkononi mwangu aliinua kidole akasema, "Hapo hapo, usiguse tena."

Mpira ukigongwa katikati, ulimi unalia vizuri na kwa muda. Ukigongwa pembeni, mlio unakuwa mfupi na mkavu. Kwa hiyo fimbo inasamehe njia ya mpira, lakini haimfichi mpigaji kwamba amekosea. Kwa maoni yangu hiyo ni sifa ya fimbo nzuri. Fimbo inayosamehe kila kitu kimyakimya inamlea mchezaji vibaya.

Kuhusu mashindano, sidai kwamba kichwa chenye ulimi huu kinaruhusiwa. Sheria inataka sehemu zote za kichwa cha fimbo ziwe imara, na mwamuzi anaweza kuwa na neno juu ya ulimi unaotetemeka. Mzee anacheza na wenzake wa rika lake kwa kuweka dau la soda, na hao wamekwisha kuiangalia na kuridhia.

3 Aprili

Masika yameingia. Bodi ya shimesikio imeanza kuonyesha ukijani kwenye maungio mawili ya risasi. Nimeisafisha kwa spiriti na kuipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, nikiacha wazi sehemu za betri na skrubu ya sauti. Pia nimemwambia Mzee asiliache kasha juu ya friji, ambako alikuwa akilitunza kwa kuamini kwamba ni mahali pakavu.

11 Aprili

Jaribio la maneno. Orodha za maneno za kupimia usikivu nilizoziona zimeandikwa kwa Kiingereza, na hazimfai mtu ambaye maisha yake yote yako katika Kiswahili. Nimetengeneza orodha yangu kwa kutafuta maneno yanayotofautiana kwa konsonanti moja tu, hasa zile zinazoishi kwenye sauti nyembamba: shuka, suka, fuka, samani, thamani, pasa, pasha, pacha. Irabu ni nene na zina nguvu, Mzee anazisikia zote. Ni konsonanti hizi ndizo zinazoangukia kwenye bonde lake.

Msomaji alikuwa mjukuu wake wa kike, anayesoma sekondari, akiwa amefunika mdomo kwa gazeti ili Babu yake asisome midomo. Mzee ni hodari wa kusoma midomo kuliko anavyokiri. Bila kifaa, shuka, suka na fuka zilikuwa neno moja kwake, na alijibu "shuka" kwa yote, nadhani kwa sababu ndilo neno ambalo kondakta wa daladala humwambia mara nyingi. Samani na thamani alizikisia. Baada ya kuwasha kifaa alitenganisha shuka na suka bila taabu, na pasha na pacha vilevile. Fuka ilimshinda mara nyingi, na thamani ilimtatiza pia. Nguvu za "f" na "th" ni hafifu na zimetawanyika hadi masafa ya juu sana, ambako spika yangu ndogo ya sikioni inaanza kuchoka.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba alikasirika. Hakukasirikia kifaa, alikasirikia karatasi kuchakarishwa, vijiko, maji ya bomba, na kandambili za mjukuu sakafuni. Sauti hizo hazikuwapo maishani mwake kwa muda mrefu, na sasa zimerudi zote kwa pamoja. Wataalamu husema ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzizoea upya, na mtu anayekata tamaa hukata katika muda huo. Nimeshusha ukuzaji kwa desibeli 6 kwa sasa, na nitaupandisha kidogokidogo. Mkewe ameahidi kusimamia kwamba kifaa kinavaliwa kila asubuhi wakati wa chai, penye utulivu, kabla ya kupelekwa sokoni Mgandini.

20 Aprili

Ukuzaji umerudi nusu ya njia. Kibanio cha maikrofoni kimebadilishwa, kile cha kwanza kilikuwa kinalegea kwenye kanzu. Fimbo haina jipya, isipokuwa mshiko umevishwa kamba nyembamba ya mkonge iliyosukwa, kwa ombi la mwenyewe. Inachubua viganja vyangu, ila viganja vyake vimezoea.

4 Mei

Ukuzaji umefika kiwango kilichopangwa, na Mzee anavaa kifaa zaidi ya saa chache kwa siku bila kusukumwa. Malalamiko yaliyobaki ni waya unaonaswa kwenye vifungo na kwamba msikitini, sauti ya spika inapokuwa kubwa, kifaa kinakwaruza. La pili ni kikomo kikifanya kazi yake, nami sitakipandisha. Nimemwelekeza azime kifaa hotuba ikianza, kwa kuwa spika ile haihitaji msaada wangu.

Mambo ya kufanya sasa ni haya. Spika ya sikioni inahitaji kubadilishwa kwa ile yenye uwezo wa kufika Hezi 6,000 bila kulegea, ili "f" na "th" zipate nafasi. Nimeagiza aina mbili kutoka Dar es Salaam nizilinganishe kwenye chemba. Skrubu za kisigino cha fimbo zifunguliwe baada ya masika ili niangalie kama alumini imeanza kuliwa chini ya varnishi. Sikio la kushoto litapata kasha lake baada ya Mzee kurudia kipimo hospitalini, na kapasita zake zitachaguliwa kutokana na karatasi hiyo mpya.